Chesisi Imepinda, Masikio Bado Hayajachomelewa: Nikate au Niendelee?

Ndugu Mshauri,

Salamu. Ninajenga nakala ya Lotus Seven, gari dogo la wazi la viti viwili, kwenye karakana ya nyumbani. Chesisi nimeiunda kwa skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.6. Vifaa vya mwendo natoa kwenye Mazda MX-5 ya toleo la kwanza ninayoichinja: injini ya lita 1.6, giaboksi, difu, habu, kalipa na reki ya stelingi. Chesisi imeshachomelewa yote, isipokuwa masikio ya wishiboni (vibamba vyenye tundu vinavyoshikilia mikono ya magurudumu) na vishikizo vya injini na difu.

Nilipoitoa mezani na kuirudisha niliona mambo mawili. Kwanza, vipimo vya kona kwa kona kwenye fremu ya chini vinapishana kwa milimita 7. Pili, kona tatu zikigusa meza, kona ya mbele kushoto inabaki juu kwa milimita 9. Meza nimeipima kwa mpira wa maji, haina kasoro.

Rafiki mmoja ananiambia niendelee, kwa kuwa shokapu zinarekebishika na alaimenti itamaliza yaliyobaki. Mwingine anasema niisukume kwa jeki mpaka inyooke. Wa tatu anasema niitupe nianze upya. Nifuate lipi?

Nina maswali mengine mawili. Busta ya breki, ile inayoongeza nguvu ya mguu, haipati nafasi karibu na injini: naweza kuiacha nikabaki na masta silinda ileile? Na je, chesisi niipeleke sasa ikapigwe rangi ya unga (inayookwa kwa joto), isije ikashika kutu?

Fundi wa Jumamosi

*

Ndugu Fundi wa Jumamosi,

Usiitupe, usiisukume kwa jeki, na usiendelee ikiwa hivyo ilivyo. Iko njia ya nne, na una bahati kwamba kasoro umeiona kabla masikio hayajachomelewa.

Gari la aina hii, ukilivua bodi, injini na viti, linabaki kuwa matundu 16. Kila gurudumu lina wishiboni mbili, na kila wishiboni ina bawaba mbili upande wa chesisi: nne kwa kila kona, mara nne. Matundu hayo yakikaa mahali pake, gari litakwenda sawa hata kama bomba fulani limepinda kidogo. Yasipokaa, alaimenti haitaliponya, kwa sababu fundi wa alaimenti hugeuza gurudumu tu, hahamishi bawaba. Tangu Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alipoitoa mwaka 1957, sifa ya Seven imekuwa uzito mdogo na usukani unaotii mkono. Nakala inayovuta upande imepoteza kile hasa kilichokufanya uitamani.

Kasoro zako mbili si za aina moja, basi tuziangalie kila moja peke yake. Tofauti ya milimita 7 kwenye vipimo vya kona kwa kona ina maana kwamba upande mmoja umetangulia mwenzake. Kwa mstatili wa mita 1.8 kwa mita 1, milimita 7 za tofauti ni takriban milimita 4 za kutangulia. Ukipima masikio kutoka kwenye mabomba yaliyokaa hivyo, ekseli ya nyuma itakaa mshazari karibu robo ya digrii. Gari litakuwa linakwenda kama kaa, kidogo tu, lakini usukani hautakaa katikati ukienda moja kwa moja, na hutajua kwa nini.

Milimita 9 za kona iliyonyanyuka ni msokoto. Kwenye upana wa mita moja ni nusu digrii kati ya mbele na nyuma. Hapa rafiki yako wa kwanza ana nusu ya ukweli. Shokapu zenye springi za kupandisha na kushusha zinaweza kusawazisha uzito kwenye magurudumu manne. Hazigeuzi pembe za wishiboni. Gurudumu la kushoto litapanda na kushuka kwa njia moja na la kulia kwa njia nyingine, na gari litakata kona za kushoto na za kulia kwa tabia tofauti.

Chanzo karibu kila mara ni mpangilio wa kuchomelea. Chuma cha weld kikipoa husinyaa na kuvuta bomba kuelekea upande ulioanza. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya kugusa wa pili, au ukiachia jiriwa fremu ikiwa bado ya moto, msokoto unajifunga ndani. Mabomba ya mshazari yanayowekwa mwishoni ndiyo yanayoufunga kabisa, kwa sababu kazi yao ni kuzuia fremu isijisokote, na wao hawachagui umbo. Kama ilikuwa imesokotwa walipoingia, wataishikilia vivyo hivyo.

Jeki haitasaidia. Ukiisukuma kidogo, chuma kinanyumbuka kisha kinarudi. Ukiisukuma mpaka ikubali, itakuwa imekunjika pale palipo dhaifu zaidi, yaani kando ya weld, palipopikwa na joto.

Dawa ni kukata mabomba yanayoushikilia msokoto na kuyaacha yale marefu manne yanayotoka mbele hadi nyuma. Weka chesisi juu ya vipande vinne vya chuma vya kimo kimoja, milimita 20 hivi, ili uweze kufika chini yake. Anza na eneo la injini, kwa kuwa ndilo lililo wazi zaidi na ndiko kona yako iliponyanyuka. Chagua bomba moja la mshazari, ulikate kwa diski ya milimita 1, kama milimita 30 kutoka kwenye kiungo, kisha utazame mwanya. Ukifunguka, bomba lilikuwa linavutwa. Ukijifunga, lilikuwa linabanwa, nalo linaweza kuibana diski na kuirusha. Kwa hiyo simama pembeni ya mstari wa diski, shika grainda kwa mikono miwili, na usiondoe kinga yake. Baada ya kila mkato pima tena kona ile. Ikishuka kutoka 9 hadi 5, umempata mmoja wa wakosaji. Isipobadilika hata kidogo, bomba hilo halina hatia. Lishike tena kwa nukta mbili za weld ukajaribu lingine. Mara nyingi mabomba mawili hadi manne yanatosha kuiachia fremu ikalala yenyewe.

Tofauti ya milimita 7 ishughulikie baadaye, fremu ikiwa imelala. Fungua viungo vya mabomba ya kukingama kwenye sakafu, zungusha mkanda wa ratcheti kwenye kona mbili zenye urefu mkubwa zaidi, na kaza mpaka vipimo vilingane, kisha ongeza milimita 1 hivi, kwa sababu ukiachia itarudi kidogo. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, au kutoka kwenye alama ya msumari uliyoigonga mwenyewe. Ukingo wa bomba una weld na mviringo, hauaminiki.

Usirudishe bomba lililokatwa ukajaza mwanya kwa weld. Kata jipya, lichongwe likae na mwanya usiozidi milimita 1. Mwanya mpana hujaa weld nyingi, na weld nyingi husinyaa zaidi, ukarudi ulikotoka. Funga chesisi mezani kwa jiriwa kila baada ya nusu mita. Shikiza kila kiungo kwa nukta nne, pima tena, ndipo uchomelee: upande mmoja wa kiungo, kisha nenda kwenye kiungo cha kona ya pili kabisa, kisha urudi juu, kisha chini. Kwa unene wa 1.6 waya wa 0.8 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi vinafaa. Kabla ya kugusa chesisi chomelea vipande viwili vya bomba lilelile, uvikate katikati uone kama weld imezama au imekaa juu kama nta. Jiriwa zisifunguliwe mpaka chuma kipoe kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu. Na weld za kubeba mzigo usizisage zikawa bapa ili zipendeze. Unachokisaga ndicho kinachoshikilia.

Lengo lako liwe milimita 2 kwenye kona kwa kona na milimita 3 kwenye msokoto. Ukifika hapo acha. Kuitafuta sifuri kutakufanya ukate chesisi nzima, na hakuna haja, kwa sababu ya hatua inayofuata.

Hatua hiyo ndiyo ningependa uisome mara mbili. Masikio yasipimwe kutoka kwenye mabomba. Yapimwe kutoka mezani. Chesisi ikiwa imefungwa, vuta uzi mezani kutoka mbele hadi nyuma uwe mstari wa katikati, kisha uchore mistari miwili ya ekseli inayoukata kwa pembe mraba. Pembe mraba ipate kwa pembetatu ya 3, 4 na 5: milimita 900 kwenye uzi, 1200 kwenye ekseli, na mshazari lazima usome 1500. Sasa kila tundu kati ya yale 16 lina namba tatu: umbali kutoka mstari wa ekseli, umbali kutoka mstari wa katikati, na kimo kutoka mezani. Ziandike kwenye karatasi na uibandike ukutani. Dondosha timazi kutoka katikati ya bolti hadi mezani, soma, rekebisha. Kushoto na kulia vilingane ndani ya milimita 1. Kama bomba la upande mmoja limeingia ndani kwa milimita 2, sikio la upande huo litakuwa refu kwa milimita 2, na gari halitajua kamwe kwamba bomba lilikuwa na kasoro. Macho yatakusumbua, maana sikio moja litaonekana tofauti na mwenzake. Amini timazi.

Masikio yakatwe kwenye bamba la milimita 3. Ya mbele na ya nyuma ya wishiboni moja yachomelewe yakiwa yamepitishwa fito moja ya chuma cha duara iliyonyooka, milimita 12 kama bolti zako ni M12. Fito ikizunguka kwa vidole baada ya weld kupoa, umefaulu. Ikikwama, sikio limevutwa, kata urudie. Kati ya masikio mawili ya bushi moja (mpira wenye bomba la chuma ndani) weka kipande cha bomba chenye upana wa bomba la ndani la bushi pamoja na nusu milimita, kwa sababu weld itayavuta yakaribiane. Bolti inatakiwa ibane lile bomba la ndani liwe kitu kimoja na masikio, mpira ndio uzunguke. Isipolibana, bomba litacheza juu ya bolti na tundu litakuwa yai. Tumia bolti za daraja la 8.8 au zaidi, na sehemu laini ya bolti ndiyo ikae ndani ya masikio, nyuzi zibaki nje. Kama bushi ni za mpira, mkazo wa mwisho utolewe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira utaishi umesokotwa na utachanika mapema.

Kwa kuwa reki unaihamishia kwenye chesisi mpya, usichomelee kishikizo chake kabla ya kupima jinsi gurudumu linavyojigeuza likipanda na kushuka. Toa springi. Funga ubao ulionyooka kwenye habu, pandisha habu milimita 50, shusha milimita 50, na pima umbali wa ncha ya mbele na ya nyuma ya ubao kutoka kwenye uzi wa pembeni. Ukiona gurudumu linageuka nje likipanda na ndani likishuka, au kinyume chake, kimo cha reki si sahihi. Iinue au ishushe kwa vipande vya bamba la milimita 1 ukipima tena kila mara. Likigeuka upande uleule likipanda na likishuka, urefu wa tairodi (fimbo inayotoka kwenye reki hadi gurudumu) haulingani na wishiboni, na hapo bamba halitasaidia: bawaba za reki zinatakiwa zisogee karibu na mstari unaounganisha bawaba za ndani za wishiboni ya juu na ya chini. Tafuta mabadiliko yasiyozidi milimita 1 kwa milimita 25 za kwanza kila upande, maana gari jepesi hutumia eneo hilo muda wote. Ukiipeleka reki nyuma ya ekseli ilhali kwenye gari ulilochinja ilikuwa mbele yake, au kinyume, magurudumu yatageuka kinyume na usukani. Zungusha usukani kwa mkono uone kwa macho kabla ya kuchomelea.

Kwenye MX-5 kuna mhimili mrefu wa alumini unaounganisha giaboksi na difu. Wajenzi wengi wa Seven huuacha kwa sababu ya nafasi. Ukiuacha, kumbuka kwamba ndio uliokuwa unaizuia pua ya difu isiruke juu unapokanyaga mafuta. Difu yako itahitaji kishikizo cha tatu, imara, mbele kwenye pua, kilichofungwa kwenye mabomba yanayokutana, kamwe si katikati ya bomba lililo peke yake. Shafti ya giaboksi na ya difu ziwe sambamba, na kila krosi (kiungo kinachopinda) ya propela, ile shafti inayoziunganisha, ifanye kazi kwa pembe ya digrii 1 hadi 3. Usiitafute sifuri, kwani krosi isiyopinda kabisa haizungushi sindano za beringi yake, na sindano huchimba vishimo palepale zilipokaa. Propela ikifupishwa isawazishwe kwa mashine, na uifungie pete ya chuma mbele, ili krosi ikikatika isishuke sakafuni au kupanda miguuni mwako.

Busta unaweza kuiacha. MX-5 ya kwanza ina uzito unaokaribia kilo 1000, na Seven yenye injini hiyo huwa na kilo 550 hadi 650 hivi, kwa hiyo kalipa zilezile zinatosha. Kinachobadilika ni nguvu ya mguu. Angalia kipenyo kilichoandikwa kwenye masta silinda. Ikiwa ni milimita 22.2, pedali itakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Ukishuka hadi 19, shinikizo linapanda kwa asilimia 36 hivi kwa mguu uleule, lakini pedali nayo itashuka zaidi kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo hakikisha ina nafasi ya kwenda na kwamba hewa yote imetolewa. Uwiano wa pedali, yaani urefu kutoka bawaba hadi unyayo ukigawanywa kwa urefu kutoka bawaba hadi fimbo ya silinda, uwe kati ya 5 na 6. Silinda ibaki ya saketi mbili.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni breki za nyuma. Kwenye Seven dereva anakaa karibu juu ya ekseli ya nyuma, na mgawanyo wa uzito si ule ambao vali ya breki ya MX-5 ilitengenezewa. Magurudumu ya mbele lazima yajifunge kwanza. Ya nyuma yakitangulia, gari litageuka litazame ulikotoka kabla hujainua mguu. Jaribu kwenye uwanja mtupu uliofungwa, sakafu ikiwa imelowa, kilomita 30 kwa saa, mtu mwingine akiwa pembeni anatazama magurudumu. Ya nyuma yakijifunga mapema, weka vali ya kupunguza shinikizo kwenye bomba la nyuma. Mabomba ya breki yapite ndani ya fremu, yafungwe kila milimita 250 hivi, mbali na propela.

Rangi bado. Funga gari lote likiwa chuma kitupu: injini, mabomba, waya, viti, bodi ya faibaglasi, kila kitu. Utagundua sikio la mkanda wa usalama limesahaulika, au geja haina pa kukaa, na kila ugunduzi wa hivyo unataka grainda na weld. Kwa sasa futa chesisi kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila wiki. Kutu la juu juu linaondoka kwa msasa. Ukimaliza, fungua vyote, kagua kila weld kwa taa kali, ndipo ipakwe. Binafsi ningechagua rangi ya kupuliza badala ya unga. Unga ni mgumu na mzuri, lakini ukipata ufa maji huingia chini yake na kutambaa bila kuonekana, nao hufunika nyufa za weld ambazo ungependa kuziona mapema.

Mabamba ya alumini yasikutane na chuma kitupu, kwani viwili hivyo vikigusana penye unyevu alumini huliwa. Rangi kwanza, kisha gundi ya poliyurethani, kisha ribiti za milimita 3.2 kila milimita 75. Kila tundu la ribiti ni mlango wa maji kuingia ndani ya bomba, kwa hiyo kabla ya kufunga mabamba pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba ya sakafu kupitia matundu hayo, anza na yale ya nyuma ya magurudumu ya mbele, ambako mchanga na maji vitapiga kila siku.

Mshauri